Ziara ya skuli kuangalia magari ya zamani: nivuke nao Dar au nibaki nao hapa hapa Unguja?

mwl_shamba

Assalaam alaykum jamani. Mie mwalimu wa sayansi skuli ya msingi, huku huku Unguja shamba, skuli sitoitaja maana mwalimu mkuu wetu nae huwa anapita pita humu. Nnaomba ushauri.

Darasa la sita nnafundisha nishati na mashine, juzi nimechora injini ubaoni, silinda, pistoni, plagi, kila kitu na chaki za rangi, nimejipinda khasa, namaliza nageuka kitoto kimoja cha nyuma kimenyoosha mkono kinauliza "mwalimu, hio pistoni kubwa kama nini, kama gilasi au kama ndoo?" Nikamjibu kama gilasi. Usiku nimelala najiuliza, we mwalimu hio pistoni ushawahi kuishika? Sijawahi. Nimeisoma kitabuni, nikafaulu mtihani, nikaja kuifundisha, basi.

Sasa nnataka muhula huu niwatoe. Wenzetu nje wana makumbusho mazima ya magari tu na wana ratiba maalum za watoto wa skuli, sie hatuna. Mie nlipokuwa mdogo tulipelekwa Beit al-Ajaib, lile jumba la makumbusho mjini, pale chini ukumbini ilikuwepo Ford Zephyr alokuwa akipanda Mzee Karume, na ule mtepe, jahazi la zamani uloshonwa kwa kamba, mpaka leo nnavikumbuka vitu viwili hivo tu. Lakini jengo ndo liliporomoka upande mmoja Disemba 2020, halimo tena kwenye hesabu.

Nimefikiria Dar, Makumbusho ya Taifa pale mtaa wa Shaaban Robert, zipo gari za viongozi, ipo Rolls-Royce ya enzi za mkoloni ilokuja kutumiwa na Mwalimu Nyerere. Boti masaa mawili, ukishuka si mbali. Tatizo watoto 58, nauli kwenda na kurudi, na wazazi wa huku ukiwatajia bahari tu nyuso zinabadilika na siwalaumu, jirani yangu alipoteza watu wawili 2011 meli ilipozama Nungwi. Nilichowaambia wachange ni elfu tano tano na hata hio wengine wanatoa kwa awamu.

Na jengine linanitia khofu. Mwaka jana tuliwapeleka pahala fulani, pahala silitaji, mtembezaji akawapanga foleni akasema kwa saa nzima usiguse, usisogee, usiegemee. Kurudi nikawaambia waandike insha ya walichokiona. Zaidi ya nusu wameandika habari ya juisi ya ukwaju na yule mwenzao alotapika kwenye gari. Sitaki tena hivo. Walowahi kupeleka watoto ziara ya namna hii nambieni mlifanyaje.

MzeeWaNgambo

Waalaykum salaam mwalimu. Kwanza hongera, walimu wanaokosa usingizi kwa ajili ya pistoni siku hizi wachache.

Usivuke. Si kwa sababu ya bahari, bahari ni ya Mungu, ila watoto 58 kwenye boti na walimu watatu, yule anataka chooni, yule ametapika, yule kapotea, mkifika Dar nyote mmechoka, mnaangalia Rolls-Royce dakika kumi mnageuza mnawahi boti ya jioni. Hio si ziara hio ni mateso.

Hapa hapa tuna mambo watoto wetu hawayajui. Waulize wanafunzi wako kama wanajua kuwa Unguja ilikuwa na treni. Watacheka. Sayyid Barghash alitandika reli ndogo 1879 kutoka mjini kwenda kwenye kasri yake Chukwani, mwanzo mabehewa yakivutwa na nyumbu, halafu akaagizia kichwa cha moshi Uingereza. Baadae 1905 ikaja ile ya Bububu, wameijenga kampuni ya Wamarekani, kiasi cha maili saba, ikipita katikati ya majumba kiasi mtu wa dirishani anaweza kumpa mkono alomo ndani ya treni. Abiria wakasimamishwa 1922 maana gari za barabarani zishaanza kushika njia, ikabaki kubebea mawe, halafu ikang'olewa. Hapo ndo somo lenyewe la magari, kwamba gari iliiua treni yetu hata miaka ishirini haijafika. Na wapo wanaosema jina la Bububu limetokana na mlio wa ile treni.

Mie ningekodi gari ya mbao moja mbili, nikawapakia watoto mjini nikawapeleka Bububu kwa njia ile ile, njiani nawasomesha. Makumbusho yenu ndo hayo, tena yanakwenda.

kibonge_wa_darajani

Mzee jina la Bububu ni la chemchemi ya maji bwana, maji yakibubujika, bibi yangu kazaliwa kule. Treni imelikuta jina.

MzeeWaNgambo

Nimesema WAPO WANAOSEMA. Soma kijana. Salimia bibi.

ughaibuni_baridi

Salaam kutoka Stuttgart, Ujerumani, leo nyuzi mbili juu ya sifuri na hapo wanaita majira ya kuchipua.

Mwalimu hili swali limenigusa maana mwezi ulopita nimeshiriki ziara kama hio, darasa la mwanangu lilikuwa linataka wazazi wawili wa kusaidia kuchunga watoto, mke wangu akanitia jina bila ya kuniuliza. Tukaenda makumbusho ya Mercedes-Benz hapa mjini. Ntakusimulia jengo kwanza halafu nikwambie alichokifanya mwalimu wao, maana jengo hutoweza kulipata ila alichokifanya unaweza.

Jengo lina ghorofa tisa, magari kiasi cha 160. Huanzi chini, unatiwa kwenye lifti unapandishwa mpaka juu kabisa, halafu unashuka kwa miguu kwa kuzunguka kama ngazi ya mnara. Juu ndo 1886, kila ukishuka miaka inasogea karibu na leo. Na lifti ikifunguka huko juu kitu cha mwanzo unachokutana nacho si gari, ni farasi. Farasi mweupe kasimama tu. Pembeni wameandika maneno yanayonasibishwa na mfalme wao Wilhelm wa Pili kwamba yeye anamuamini farasi, gari ni jambo la kupita. Watoto walicheka pale mpaka mlinzi akageuka. Nikajisemea moyoni, kwetu farasi wa namna hio hajawekwa makumbusho, kwetu punda na ng'ombe mpaka leo wanavuta mchanga na mawe asubuhi wanapishana na Noah. Yaani ile historia ambayo huku wameipanga ghorofa tisa, pale Mwanakwerekwe unaiona yote dakika tano ukisimama njia panda, gari la ng'ombe, baiskeli ya Phoenix, Vespa, gari ya mbao, daladala, mpaka gari ya mtalii. Kitu hichi mwalimu usikiache.

Sasa mwalimu wao. Watoto 24. Wiki moja kabla kawapa kila kikundi gari NNE tu, katika 160. Nne. Hawakuruhusiwa kuandika habari ya gari nyengine yoyote. Kikundi cha mwanangu kilikuwa na lile la Karl Benz la magurudumu matatu, lililopata hati 1886, ambalo nguvu yake haifiki farasi mmoja na mbio zake kilomita 16 kwa saa, yaani mtu wa baiskeli anakupita anakupungia mkono. Mbele ya gari moja lazima wakae chini sakafuni, wachore, dakika ishirini, bila kusoma kile kibao cha maelezo. Wakimaliza kuchora ndo wasome. Mwanzo nikaona huyu mwalimu mvivu, kumbe ukichora lazima uangalie, mwanangu ndo alogundua kuwa lile gari halina usukani wa duara, lina kama mkono wa kuzungushia, na lile gurudumu zito la injini limelala huko nyuma, chini ya kiti. Mimi nlokuwa nimesimama pale miaka kumi na mbili nikipita na wageni sijawahi kuliona hilo gurudumu.

Kwa hio ushauri wangu, si magari mengi. Gari moja na dakika ishirini za kukaa chini.

hesabu_kwanza

Na mtihani wa taifa je? Darasa la sita wana mtihani mwisho wa mwaka halafu mwalimu anafikiria vespa na punda. Wapelekeni vipindi vya ziada jamani.

kibonge_wa_darajani

Wewe ndo ulofaulu ukajibu gilasi nini 😂

utingo_mstaafu

Mwalimu nimesoma tokea mwanzo, nimeona nitie langu. Mie nimekuwa utingo gari za mbao miaka kumi na sita njia ya kaskazini halafu nikaingia gereji, sasa nna kigereji changu kidogo. Mzee wa Ng'ambo kasema kweli kuhusu kuwapakia ila kuwapakia peke yake haitoshi, watoto wa shamba gari ya mbao wanaipanda kila siku, kwao si ajabu, hawatoiona mpaka uwasimamishe waitizame.

Watizamishe hivi. Gari zile hazikuja na bodi. Zilikuja chesisi, yaani fremu na magurudumu yake, na kichwa tu, hapa hapa seremala anasimamisha nguzo za mbao, anatia paa, mabenchi mawili marefu huku na huku na moja la mgongoni kwa dereva, turubai za pembeni za kushushia mvua ikija, na paa lazima lihimili ndizi na mikungu na kitanda na mbuzi. Waulize watoto kwa nini mabenchi yamekaa kwa urefu na si kwa upana kama basi. Watafikiri. Kwa sababu katikati ndo panakaa matenga! Gari imetengenezwa kwa ajili ya mtu na shamba lake, haikutengenezwa kwa ajili ya mtu tu. Hivo hakuna makumbusho ya Ujerumani yatakayokuonesha.

Halafu injini. Nna injini ya Bedford ya petroli, silinda sita, nimeitoa kwenye lori ya marehemu mmoja, iko juu ya stendi ya chuma chini ya muembe, haijawaka muda mrefu lakini inazunguka. Na hendeli yake nnayo. Watoto wa siku hizi hawajui kuwa gari ilikuwa inawashwa kwa kuzungushwa mbele kama kisima. Stata ya umeme imeanza kutiwa kwenye Cadillac 1912, kabla ya hapo ni mkono wako na Mungu wako, ikikupiga teke inakuvunja. Sie tulifundishwa dole gumba usilizungushie hendeli, likae upande mmoja na vidole vyengine, injini ikirudi nyuma hendeli ichomoke mkononi isiondoke na dole. Huko nje sijui kama wanawaambia watoto jambo hili lakini mie ntawaambia.

Waje kumi kumi. Zaidi ya kumi gereji yangu haiwezi, na kitu chochote kilichokuwa cha moto siku hio ntakizima tokea usiku, rejeta, lile la maji ya kupozea injini, sifungui mbele ya watoto hata wanilipe. Viatu vya kufunika vidole, ndara sitaki. Pesa sitaki, waje na maji yao tu ya kunywa.

mwl_shamba

Mashaallah, utingo Allah akulipe kheri. Nakutafuta inboksi. Hapa kweli nimepata mwanga.

Ughaibuni suala la kuchora bila kusoma kibao nimelipenda, na kwenye gereji kibao hata hakipo, kazi imerahisika.

Mie nna hofu moja, wasichana. Nna wasichana 33 katika 58 na tayari nimewasikia wawili watatu wanasema "gereji ni ya wanaume sisi tutakaa na nani". Na mama mmoja kanipigia simu ananiuliza kwa sauti ya upole lakini naijua ile sauti, "mwalimu mwanangu wa kike akafanye nini kwa mafundi?"

binti_wa_wete

Mwalimu mwenzangu salaam kutoka Pemba. Mie nafundisha sekondari, naomba nikujibu hapo kwenye wasichana maana nimeshapita.

Wapeleke na hadithi. Kabla hujawatoa darasani wasimulie habari ya Bertha Benz, mke wa huyo huyo Karl wa magurudumu matatu. Mumewe kaunda gari lakini hana uthubutu wa kuliuza, watu wanaliogopa. Basi Agosti 1888 asubuhi mapema bi mkubwa akawachukua wanawe wawili wa kiume, akalitoa gari bila ya kumwambia mume, akaenda nalo kutoka Mannheim mpaka Pforzheim kwa mama yake, zaidi ya kilomita mia. Yaani ni kama uondoke Mkoani ufike Konde halafu urudi Chake, barabara yenyewe ya farasi. Mafuta yameisha njiani, akaingia duka la dawa Wiesloch akanunua kile kimiminika cha kusafishia nguo, maana petroli haikuuzwa njiani, duka la dawa ndo likawa pampu. Bomba la mafuta likaziba, akalizibua kwa pini ya kofia. Waya umechubuka, akaufunga na mpira wa soksi yake. Breki zikala, akamwendea fundi viatu akapigilia ngozi juu ya mbao za breki, na ndo ikawa mwanzo wa kutia kitambaa cha breki. Na vilima vilipowashinda watoto wakashuka wakasukuma, akarudi akamwambia mumewe gari inataka gia nyengine. Fundi wa kwanza wa barabarani duniani bi mwanamke na pini yake ya kofia, sasa huyo mama ataeuliza mwanangu akafanye nini, msimulie tu, usibishane nae.

Nlipowasimulia wangu, msichana mmoja aliniambia "teacher mie pini nnazo nne kichwani". Hio ilitosha.

Sie tulikwenda Chake, mwanzo Makumbusho ya Pemba pale ngomeni, halafu mchana tukaenda kituo cha mafunzo ya amali Vitongoji wakaone karakana ya magari. Kosa langu nlilofanya, nliwapa karatasi ina maswali kumi na tano. Kumi na tano! Watoto hawakuangalia kitu, walikuwa wanakimbizana kutafuta majibu, mmoja kajibu yote wengine 40 wamenakili. Safari ya pili niliwapa maswali matatu na moja katika hayo lazima waulize WAO na wamuulize mtu, si mwalimu, mtu wa pale. Mabadiliko nlioyaona siwezi kukueleza. Kijana mmoja mkimya mwaka mzima hakunisemesha, kamuuliza fundi "umejiunguza mara ngapi?" Fundi akakunja mkono wa shati akamuonesha, wakakaa pale wawili wao robo saa.

Na jambo la kuvuka Dar, sie Pemba tukitaka hata kuja Unguja tu tunavuka bahari, kwa hio ushauri wa watu wa Unguja kuwa msivuke nimeucheka kidogo moyoni. Lakini kwa pesa ulizonazo, wamesema kweli.

ughaibuni_baridi

Bi wa Wete umenishinda, mie nimepita Wiesloch kwa treni mara ngapi na lile duka la dawa lipo, hata sikuwahi kushuka.

MzeeWaNgambo

Mkimaliza injini msisahau mkanda. Watoto wetu wanakaa mbele mapajani mwa watu. Mkanda huu wa pointi tatu uliomo kwenye gari za siku hizi kaubuni Msweden, Nils Bohlin, wa Volvo, 1959, na kampuni ikauachia wengine wote watumie. Fundi awe na kiti kimoja chenye mkanda, wavutevute kwa nguvu waone unavyojifunga. Mimi mjukuu wangu tangu nimuoneshe hivo ananigombeza mie nikisahau.

kibonge_wa_darajani

Mzee leo umeongea la maana, na bibi anakusalimu kasema chemchemi.

mwl_shamba

Jamani nimerudi. Wiki tatu zimepita, nlisema ntaleta majibu.

Tulikwenda Jumamosi mbili, watoto 29 kila Jumamosi, kila mara kumi kumi ndani na walobaki nje na mwalimu mwenzangu wanachora gari ya mbao ilotuleta, dereva kakubali kusimama mpaka saa sita kwa bei ya kwenda na kurudi na urojo. Elfu tano ilitosha, ikabakia na chenji ya vitumbua.

Michoro ya gari ya mbao nimeibandika darasani. Hakuna hata mmoja alosahau ngazi ya nyuma ya utingo. Swali la mabenchi alolijibu ni yule yule wa gilasi na ndoo, kasema "mwalimu mbuzi atakaa wapi". Utingo kacheka mpaka kakaa chini.

Lakini nataka nikuhadithieni ile injini. Utingo kazitoa plagi zote sita kwanza, zile za kurusha cheche zinazoziba matundu ya silinda, kaziweka kwenye sinia kwa mstari, kampa mtoto wa mwanzo hendeli, zungusha. Ikazunguka laini kama cherehani, watoto wanasema ah kumbe nyepesi. Akachukua plagi moja akairudisha, moja tu, akakaza. Haya zungusha. Mvulana mmoja mkubwa wa darasa kaja na mbwembwe, kazungusha, ikafika pahala ikagoma, akasukuma, ikamrudisha. Darasa zima kimya. Akaja msichana, mwembamba, yule ambae mama yake ndo alonipigia simu, kashika hendeli dole gumba upande mmoja na vidole kama alivyofundishwa, kazungusha pole pole mpaka pale pale pagumu, akasita, kabakia kaishikilia. Nikamuuliza vipi. Akasema "mwalimu, kuna mtu ndani ananisukuma." Utingo akamwambia hakuna mtu, ni hewa, umeibana haina pa kutokea. Akafikiri, akasema "basi ikiwashwa moto hapo hapo?" Hakumaliza sentensi. Alifungua mikono miwili hivi, mpaka akamkumba mwenzake. Mie hapo nimefundisha mkandamizo wiki nzima na chaki za rangi.

Pistoni nayo tuliishika, ilikuwepo moja iliyotolewa kwenye injini nyengine kama hio, imepita mikononi mwa watoto wote 58. Si gilasi. Yule mtoto kaipima na kiganja akaniangalia, akasema "kopo la maziwa ya unga, mwalimu, lile dogo." Nimelikubali kosa mbele ya darasa.

Insha nimeziletesha jana. Juisi imetajwa mara mbili tu, na hakutapika mtu.

Sasa nna tatizo jengine. Wasichana kumi na moja wamerudi nyumbani na grisi kwenye mitandio meupe ya skuli, tuliwaambia wavae viatu lakini hakuna aliyefikiria mitandio, na kuna mama keshapita kwa mwalimu mkuu. Bi wa Wete au yeyote, grisi inatolewa na nini kwenye kitambaa cheupe?

binti_wa_wete

Wamekwishatia maji?

mwl_shamba

Wengine ndio 😔

utingo_mstaafu

Ambao hawajatia maji, mafuta ya taa kidogo kwenye kitambaa, agonge gonge asisugue, halafu sabuni ya mche papo hapo kabla haijakauka. Walotia maji mtandio walete kwangu, mke wangu anajua. Na yule wa "ananisukuma" mwambie akitaka Jumamosi aje, nafungua gia boksi.